Mama, Kama Unazimia kwa Munganga wa Meno

Leo tuzungumze juu ya kuzimia wakati wa kung'olewa jino.

Tuseme mama mmoja ametoka Ndosho asubuhi kwa miguu, mutoto mugongoni. Jino limemuuma usiku kucha, hakula kitu. Anangoja kwenye benchi, anasikia mwingine analia ndani. Zamu yake inafika, anaona sindano. Mara macho yanaona giza, anaanguka. Watu wanasema: "Amelogwa!" au "Sindano imemuua!"

Hapana, wamama. Woga, maumivu, njaa na joto vinaweza kufanya moyo upige pole pole na mishipa ilegee. Damu inashuka miguuni, ile inayofika kwenye ubongo inapunguka. Ndiyo maana mutu anazimia. Akilala chini, damu inarudi kichwani, naye anaamuka.

Alama zake ni hizi: jasho baridi, kupiga miayo, kichefuchefu, masikio kuvuma, macho kuona giza. Kwa ngozi yetu nyeusi, tazama midomo, fizi na viganja: vinapauka. Ukisikia hivyo, usione haya. Sema mbio: "Munganga, nasikia kizunguzungu!" Ukiwa umesimama, kaa chini palepale, na umupe mwenzako mutoto. Nje kwetu Goma ni mawe ya volkano, na mutu akianguka juu yake anaweza kupasuka kichwa.

Mwenzako akizimia, fanya hivi:

1. Mulaze chali. Usimukalishe, usimusimamishe. Munganga ataacha kazi na kutoa pamba kinywani ili asikabwe.
2. Inua miguu yake juu ya kiti au mufuko.
3. Legeza kitenge na nguo za shingoni. Fungua dirisha. Watu wasimuzunguke.
4. Mama wa mimba kubwa mulaze kwa ubavu wa kushoto, maana mimba inakandamiza mushipa mukubwa wa damu.
5. Akitapika, mugeuze ubavu.

Usimupige makofi. Usimumiminie maji kinywani, yanaweza kuingia mapafuni. Mikono ikitetemeka kidogo, usishangae.

Mara nyingi anaamuka kwa dakika moja au mbili. Asisimame mbio, ataanguka tena. Alale kwanza kama dakika kumi, kisha akae pole pole. Akiwa macho kabisa na anaweza kumeza vizuri, apewe kinywaji cha sukari. Chai isiwe ya moto, kwa sababu mudomo uliolala kwa dawa hausikii moto, utaungua.

Lakini asipoamuka kwa dakika mbili, akipumua vibaya, akivimba uso, akitoka vipele, akishikwa na degedege au akisikia maumivu kifuani, hiyo si kuzimia kwa kawaida. Munganga aitwe palepale. Asipopumua kabisa, kazi ya kumuokoa ianze mara hiyo.

Tunaweza kuzuia namna gani? Kama ni sindano ya fizi tu, usije na njaa: kunywa uji au kula kidogo mbele ya kutoka nyumbani. Mwambie munganga kama uko na mimba, ugonjwa wa sukari, tansio, kifafa, dawa unazokunywa, au kama ulizimia siku nyingine. Omba sindano ukiwa umelala. Na mutoto asiwe mapajani mwako.

Kuna wamama ambao wakizimia mara moja wanakataa kurudi. Jino bovu linabaki, usaha unakusanyika, uvimbe unashuka shingoni mpaka unafunga njia ya pumzi. Huo ndio unaoua, wamama. Kuzimia kunapita kwa dakika chache. Jino lililooza halipoi lenyewe.

Basi leo ukifika nyumbani, laza mutoto wako mukubwa chini, inua miguu yake, na uonyeshe jirani namna ya kufanya. Siku moja yeye ndiye atakayekusaidia wewe.