Nani Amemjaribu Bawabu?



Tunapoombwa nenosiri kwenye simu, wengi wetu huridhika kwamba mlango umefungwa. Lakini nyuma ya ukurasa mmoja wa benki au wa bili ya maji ipo milango mingi: mmoja hutoa salio, mwingine risiti, mwingine hubadili namba ya simu. Kila mmoja unapaswa kuuliza maswali mawili: wewe ni nani, na je, unachokiomba ni chako? Anayeshindwa swali la kwanza hujibiwa kwa namba 401. Anayeshindwa la pili, 403. Nenosiri hujibu la kwanza tu.

Mwaka 2019, nchini Marekani, iligundulika kwamba tovuti ya kampuni ya First American, inayokatia bima hati za umiliki wa nyumba, iliacha wazi nyaraka zipatazo milioni 885. Aliyepewa kiungo cha waraka wake aliweza kubadili tarakimu moja tu akausoma waraka wa mtu mwingine, bila kuulizwa nenosiri. Humo mlikuwa na namba za akaunti za benki na taarifa za kodi.

Kosa kama hili huponyokaje? Watengenezaji huijaribu kila sehemu ya programu peke yake kabla ya kuitoa. Ili kazi iende haraka, humweka bawabu wa bandia anayesema "ndiyo" kwa kila anayebisha. Si vibaya, jaribio la hesabu za bili halina haja na bawabu halisi. Hatari huja pale majaribio yote yanapopita kwa huyo wa bandia. Ripoti hutoka safi, ilhali hakuna aliyebisha akiwa mgeni, wala akiwa na kibali kilichokwisha muda, wala akiwa mteja halali anayeomba risiti ya jirani. Kosa hilo la mwisho ndilo linaloongoza orodha ya hatari iliyotolewa na OWASP mwaka 2023. Kwa maoni yetu, huduma ambayo haijathibitisha kwamba inawakataa wote watatu haistahili kupokea taarifa za mteja.

Majaribio hayo hamtayaona, ila dalili mtaziona. Toka katika akaunti yako, kisha ufungue kiungo cha risiti ulichokihifadhi. Kikifunguka bila kukuuliza lolote, una sababu ya kuwauliza wenye huduma. Usibadili namba ili kuchungulia ya mwingine: hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia pasipo ruhusa. Wala usikisambaze kiungo hicho katika makundi ya WhatsApp, hata kwa nia ya kuonya.

Waandikieni wenye huduma, mkitaja siku na saa, na mtunze nakala. Wasipojibu, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2022.