Simba Aliyetangazwa, Mwanakondoo Aliyeonekana: Vyeo vya Masihi katika Ufunuo 5

Mada niliyopewa ni pana. Vyeo vya Masihi katika Maandiko ni vingi: Mwana wa Daudi, Mwana wa Adamu, Mtumishi, Nyota ya Asubuhi. Kila kimoja kingetutosha siku nzima. Nimechagua viwili vinavyokutana katika aya mbili zinazofuatana, Ufunuo 5:5 na 5:6, kwa kuwa hapo ndipo mahubiri yetu mengi yanapoteleza.

Yohana, aliyeko Patmo, anaona kitabu kilichotiwa mihuri saba. Hapatikani wa kukifungua, si mbinguni, si duniani, wala chini ya nchi, naye analia sana. Mmoja wa wazee anamtuliza: Simba wa kabila la Yuda, Shina la Daudi, ameshinda. Yohana anatazama, na simba haonekani. Anayeonekana ni Mwanakondoo, tena ana dalili za kuchinjwa, na bado amesimama. Aliyechinjwa hasimami, huyu amesimama. Ana pembe saba, na pembe katika Agano la Kale ni nguvu, kwa hiyo asidhaniwe ni mnyonge.

Huyo simba alitoka wapi? Anatoka Mwanzo 49, Yakobo anapombariki Yuda. Na Shina linatukumbusha Isaya 11, chipukizi la ukoo wa Yese. Maneno hayo Wayahudi wengi waliyasoma wakiwa chini ya nira ya Rumi. Pompeyi, jemadari wa Rumi, aliiteka Yerusalemu mwaka 63 KK, na Zaburi za Sulemani, maandishi ya Kiyahudi yasiyomo katika Biblia zetu, zikamwomba Mungu amwinue mwana wa Daudi awavunje watawala dhalimu na kuutakasa mji. Baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70 BK, mwandishi wa Ezra wa Nne, andiko jingine la Kiyahudi, alimchora Masihi kama simba anayetoka mwituni akinguruma na kumkemea tai, na tai huyo ni Rumi. Wengi wanaamini Ufunuo uliandikwa karibu na mwaka 95, zama za Kaisari Domitian. Kwa hiyo Yohana na mwandishi yule ni watu wa kizazi kimoja, wanamkabili adui mmoja, na wote wawili wanamjua simba. Tofauti iko katika kile Yohana anachokiona baada ya kusikia.

Lipo fundisho linalopendwa sana: Yesu alikuja kwanza kama Mwanakondoo, atarudi kama Simba. Linapendeza masikioni na watu huliitikia amina. Mimi sioni kama kitabu chenyewe kinaliunga mkono. Baada ya 5:5, Kristo haitwi tena simba katika Ufunuo wote, ilhali anaitwa Mwanakondoo mara 28. Ghadhabu ya 6:16 ni ya Mwanakondoo. Anayewashinda wafalme katika 17:14 ni Mwanakondoo. Kiti cha enzi cha sura ya 22 ni cha Mungu na cha Mwanakondoo. Sifa za simba zinahamia hata upande wa pili: nzige wa sura ya 9 wana meno ya simba, na mnyama wa sura ya 13 ana kinywa cha simba. Katika sura hiyohiyo yupo pia mnyama wa pili, mwenye pembe kama za mwanakondoo lakini usemi wake ni wa joka. Huyo nadhani ndiye wa kuogopwa zaidi kanisani.

Nitaulizwa kuhusu mpanda farasi mweupe wa sura ya 19, yaani Kristo anayekuja vitani. Vazi lake limelowa damu kabla vita havijaanza, na upanga wake unatoka kinywani. Wapo wanaosema ni damu ya maadui, kwa kufuata Isaya 63, na hoja yao ina uzito. Naegemea kwamba ni damu yake mwenyewe, kwa sababu 12:11 inasema watakatifu walishinda kwa damu ya Mwanakondoo.

Cheo cha Simba wa Yuda kimebebwa na wengi. Wafalme wa Ethiopia walikitumia kudai ukoo wa Sulemani, na Haile Selassie, aliyetawazwa mwaka 1930, alikitwaa pia. Kwetu kimo katika nyimbo na maombi, mara nyingi kikitajwa kwa ajili ya kuwaangamiza maadui zetu binafsi. Matumizi hayo yamekiacha Kitabu cha Ufunuo mbali.

Ombi langu kwa wahubiri na viongozi wa kwaya mlioko hapa: anayesoma 5:5 asiishie hapo. Aendelee hadi aya ya 9, inayotaja waziwazi kwa nini Mwanakondoo anastahili kukifungua kitabu: alichinjwa, na kwa damu yake akamnunulia Mungu watu wa kila kabila na lugha.