Mtoto Asikilizwe, Kisha Ajibiwe



Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, ulitambua haki ya mtoto kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kisha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, ikatamka kwamba mtoto asinyimwe haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Sheria hiyo haikutungwa ili ipambe makabati ya ofisi. Wala Mabaraza ya Watoto hayakuundwa ili kuwaimbia wageni siku za sherehe. Mtoto anayepigwa nyumbani ndiye ajuaye kama aweza kumfikia Afisa Ustawi wa Jamii bila kuonekana na jirani. Msichana ndiye ajuaye kwa nini wenzake wanakikwepa choo cha shule kisicho na komeo. Huduma iliyopangwa bila kuwauliza hawa itapata jengo na bajeti, lakini haitapata watoto.

Basi wajibu wa mtumishi ni mambo matatu: kuuliza, kuandika, na kurudi na jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba fedha hazijapatikana. Mtoto asiyejibiwa leo kuhusu komeo la choo, kesho hatamweleza mtu yeyote habari za anayemdhulumu. Na kimya chake ndicho kinga ya mhalifu.