Mnara ulisalimika, maji yakakatika
Mnara wa maji wa Chicago, Marekani, ulikamilika mwaka 1869. Ndani ya kuta zake za mawe ya chokaa lilisimama bomba refu la kutuliza msukumo wa maji yaliyovutwa kutoka Ziwa Michigan. Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jiji. Watu wapatao 300 walikufa, 100,000 hivi wakakosa makazi. Mnara ulisalimika, na hadi leo unasifiwa kwa hilo. Kinachosahaulika ni jengo la pampu, jirani yake kabisa: paa lilishika moto, mitambo ikasimama, wazimamoto wakabaki na mipira mikavu mikononi. Mwandishi Oscar Wilde alipofika Chicago mwaka 1882 alilikejeli umbo la mnara. Mimi ningeanza kwa kuuliza habari za lile paa.