Ufunguo wa Pingu Mshipini



Juma lililopita dereva mmoja wa teksi, jirani yangu hapa Nairobi, alinionyesha kitu alichokishonea ndani ya mshipi wa suruali yake. Kilikuwa ufunguo mdogo wa pingu. "Baba Amina," akaniambia, "sasa hawanipati tena."

Sikumcheka. Mwaka jana abiria wawili waliojidai kuwa polisi walimtia pingu, wakamnyang'anya gari na kumtupa katika shamba la kahawa huko Kiambu usiku wa manane. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini je, ufunguo huo utamfaa?

Ni kweli kwamba pingu nyingi za kawaida hufunguliwa kwa ufunguo wa namna moja. Hata hivyo, mikono ikifungwa mgongoni na matundu yakaelekea viwikoni, vidole havifiki. Tena pingu hizo zina komeo la pili. Likishabonyezwa, ufunguo sharti uzungushwe kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Fikiria kuyafanya hayo gizani, huku umewekewa bastola ubavuni.

Tulijaribu. Nilimfunga mikono nyuma kwa leso, nikamwambia autoe ufunguo wake. Alipapasa, akahema, akaupata, kisha ukamponyoka na kuingia chini ya kiti cha gari. Na hata angaliushika, leso haina tundu la ufunguo. Majambazi wengi hufunga watu kwa kamba, waya au utepe wa plastiki.

Kuna hatari nyingine. Mnamo Mei 1998, mjini Tampa, Marekani, mshukiwa aliyekuwa na ufunguo wa pingu alijifungua ndani ya gari la polisi, akawaua wapelelezi wawili, na baadaye polisi wa tatu. Baada ya hapo jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumwadhibu mtu aliye kizuizini akipatikana ameficha ufunguo kama huo. Askari wa kweli akiukuta mshipini mwako, hatasema kwamba wewe ni mwoga. Atasema kwamba ulipanga kutoroka. Jambazi naye akiukuta, hasira zake zitakuangukia wewe.

Basi tufanye nini? Tukumbuke yaliyompata wakili Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 alitekwa pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi, baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Walifungiwa katika kambi ya polisi huko Syokimau, kisha wakauawa. Lakini kabla ya kufa wakili huyo alirusha nje kipande cha karatasi ya choo, alichoandika kuomba mkewe apigiwe simu. Karatasi hiyo haikumwokoa. Ila iliokotwa, ikaonyesha alikofungiwa, na mnamo Februari 2023 Mahakama Kuu iliwahukumu watu 4, watatu kati yao wakiwa maofisa wa polisi.

Funzo ninaloliona ni hili: anayekuteka hutaka kwanza pasiwepo mtu anayejua uliko. Ukikamatwa barabarani, taja jina lako na la mtaa wako kwa sauti, watu wasikie. Uliza unapelekwa kituo gani. Weka kichwani nambari moja ya simu, kwa maana simu yako itachukuliwa. Na kabla ya safari, mwambie mtu unakokwenda na saa ya kurudi. Aliyebaki nyumbani akiona saa imepita, asingoje mapambazuko.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, ya kuwasiliana na wakili na watu wengine, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia wakati mahakama imefungwa. Lakini haki hiyo haitetewi na mtu asiyejua kwamba umekamatwa.

Nilimshauri jirani yangu autoe ufunguo ule mshipini. Hakunijibu. Lakini jana jioni, abiria wa kwenda Ruiru alipoingia garini, nilimsikia dereva akimpigia mkewe, akimtajia njia atakayopita na saa atakayorudi.

Hadi juma lijalo, kwaheri.