Kifua Kinachobana Usiku

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Matungu)



Leo hatukuja kusema habari za mshahara. Tumekuja kusema habari za pumzi, kwa kuwa asiye na pumzi hafiki kazini.

Hapa Matungu tumeishi kwa miwa tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973. Mwenzetu mwenye pumu hushinda katika vumbi la makapi yaliyoota kuvu, na usiku kifua humbana. Asubuhi nyapara humwambia: "Umeugulia kwako, si kazini." Je, ni kweli? Mara nyingi si kweli.

Sikilizeni sababu. Katika kuta za njia za pumzi mna chembe ziitwazo seli za masti, jina walilopewa na Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1878. Kila moja ni kama askari wa zamu mwenye vifuko vingi. Kwa watu wengine, mwili huihesabu kuvu kuwa adui, ukatengeneza kingamwili iitwayo IgE, nayo hukaa juu ya chembe hizo ikingoja. Kuvu irudipo na kuzinasa kingamwili hizo pamoja, vifuko hufunguka kwa dakika chache, histamini ikamwagika. Kisha chembe hutengeneza vitu vipya, prostaglandini na leukotrini, vinavyokaza misuli ya njia za pumzi na kuzivimbisha. Tena hutoa ishara za kuita chembe nyingine kutoka katika damu. Hizo hazifiki mara moja; ndiyo maana shambulio la pili laweza kuja baada ya saa 4 hadi 8. Basi vumbi la saa 10 jioni laweza kumbana mtu saa 4 usiku, yuko kitandani kwake.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, andika saa na mahali ulipofanya kazi, na saa kifua kilipobana. Mwonyeshe daktari na mwakilishi wako. Pili, tumia pampu kama ulivyoagizwa. Vidonge vya kuzuia histamini peke yake havitoshi kwa pumu. Tatu, sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Tupeleke habari za vumbi huko, kwa maandishi.

Neno la mtu mmoja hupuuzwa. Daftari la watu wengi husomwa. Umoja ni nguvu.