Uchunguzi wa Maiti Huokoa Walio Hai

Hotuba kwa machifu, wazee wa Nyumba Kumi na wahamasishaji wa afya ya jamii



Mtu akifa ghafla baada ya kunywa pombe haramu, familia hushikwa na aibu. Majirani huambiwa ilikuwa presha, pombe iliyobaki humwagwa na mazishi huharakishwa. Wakati huohuo, wengine waliokunywa kutoka mtungi uleule wamelala nyumbani wakidhani ni hangova tu. Hao ndio wanaoponzwa na siri hiyo.

Kenya imeyaona haya. Novemba 2000, pombe ya kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine. Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa. Februari 2024, msiba ulibisha hodi Kangai, Kaunti ya Kirinyaga.

Muuaji wa mwaka 2000 na 2014 alikuwa methanoli, kemikali ya viwandani inayotumika katika rangi na vimumunyisho. Haina rangi, na mnywaji hawezi kuitofautisha na pombe ya kawaida kwa kuionja. Mililita 10 zinaweza kupofusha. Mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, zinaweza kuua.

Methanoli haiui papo hapo. Ini huigeuza polepole kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho na kuzuia seli kutumia oksijeni. Ndiyo maana mtu hulewa, akalala, akaamka akijiona mzima. Baada ya saa 12 hadi 24 kichwa huuma, hutapika, hupumua kwa kasi, na macho huona ukungu. Saa hizo za kimya ndizo za kumwokoa. Hospitalini kuna tiba: dawa ya fomepizoli, au ethanoli inayotolewa kwa vipimo, huzuia ini kutengeneza asidi hiyo, na mashine ya kusafisha damu huondoa sumu. Maziwa hayaiondoi, wala kuongezewa pombe nyumbani si matibabu.

Lakini daktari atajuaje anapambana na nini? Hapo ndipo marehemu anapozungumza. Mtaalamu wa uchunguzi wa maiti huchukua damu, mkojo, vilivyomo tumboni na maji ya ndani ya jicho, ambayo huhifadhi dalili za sumu vizuri. Sampuli hupelekwa katika maabara ya Mkemia wa Serikali. Majibu huthibitisha sumu, huongoza msako wa pombe iliyobaki, na humpa mwendesha mashtaka ushahidi. Bila majibu hayo, muuzaji atadai mahakamani kwamba mteja wake alikufa kwa malaria.

Kwa hiyo, mambo matatu yanatakiwa kutoka kwenu.

Kwanza, kifo cha ghafla chenye shaka kiripotiwe kwa polisi kabla ya mazishi. Kwa familia ambazo imani yao inahimiza kuzika upesi, kuripoti mapema ndiko kunakopunguza kusubiri.

Pili, pombe isimwagwe yote. Umati wenye hasira ukimwaga kila tone, unamwaga ushahidi. Chupa na mtungi viachwe mikononi mwa polisi, navyo visionjwe na mtu.

Tatu, na hili ndilo la haraka zaidi, ulizeni: nani mwingine alikunywa pale? Pigeni hodi nyumba kwa nyumba. Kila aliyekunywa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akisema hana neno. Asiulizwe kwa nini alikunywa. Aulizwe alikunywa saa ngapi na kiasi gani.

Kumchunguza marehemu si kumvunjia heshima. Yeye hawezi tena kuponywa, lakini anaweza kuwaonya aliokaa nao meza moja. Kazi yenu ni kuhakikisha onyo hilo linawafikia wangali wanaona.